Seti ya Nne ya Bushi

Bushi za tatu zilikufa mama yangu akiwa ndani ya gari, kwenye tuta la pili kutoka lango letu kule Umoja. Ilikuwa Jumanne asubuhi na nilikuwa nikimpeleka kliniki. Tuta lenyewe lilijengwa na wakazi kwa mawe na saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa mtu, kwa hiyo halina mteremko. Ni ukuta mfupi uliolala barabarani. Nililipanda polepole. Upande wa kushoto ukagonga kama mtu amepiga karai kwa nyundo, usukani ukanivuta kuelekea mtaroni, na mama akatoa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga.

"Simamisha," akasema.

"Mama, ni bushi tu."

"Simamisha, papa," akasema, akiniita baba kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao. "Nitatembea."

Hakuweza kutembea, na sote wawili tulijua. Tulikaa pale, nyuma yetu watu wakipiga honi, hadi maumivu yakatulia.

Bushi ni kipande cha mpira kilichobanwa ndani ya bomba la chuma. Kinakaa pale ambapo mkono wa chini, ule unaoshika tairi, unaungana na gari. Kikiwa kizima hukisikii kabisa. Kikikatika, chuma hugonga chuma, usukani hupoteza mwelekeo, na tairi huliwa ukingo wa ndani hadi nyuzi zionekane huku nje likiwa bado na meno mazuri ya kukudanganya. Nilikuwa nimetupa matairi mawili kwa namna hiyo ndani ya mwaka mmoja. Matairi mapya, si ya mtumba.

Inafaa nieleze mimi ni nani, ili ieleweke kwa nini jambo hili lilinikera kiasi kile. Nilizaliwa Makadara, katika chumba kimoja cha nyumba za reli, tukiwa watoto sita. Diploma yangu ya ufundi wa magari, ile niliyoitundika ukutani sebuleni, niliilipia mwenyewe kwa kubeba mizigo Gikomba mchana na kusoma jioni. Nilikwenda Ghuba, Uarabuni, nikaanza kwa kusugua sakafu ya karakana. Miaka tisa baadaye nilikuwa msimamizi wa sehemu nzima ya usukani na magurudumu, na mafundi kutoka nchi tano walikuwa wakinisubiri mimi nikague kazi kabla gari halijatoka. Nilirudi nikajenga ghorofa tatu. Ninaishi chini na wapangaji wako juu. Sijigambi, ndivyo ilivyokuwa.

Gari nililonunua ni la dizeli, refu, linavuta kwa magurudumu yote manne, na limepita kilomita laki tatu. Majirani walicheka laki tatu. Niliwaambia gari haliulizwi umri, huulizwa nani analitunza. Na nililitunza mimi. Hakuna fundi wa mtaani aliyeruhusiwa kuligusa. Fundi mmoja karibu na steji ya matatu alikuwa akinisukumia bushi ndani ya mkono kwa mashine yake, basi. Kulifungua na kulifunga gari ilikuwa kazi yangu, pale uani kwangu, kwa jeki na mawe manne makubwa. Nati nilizikaza kwa spana ya kupimia nguvu niliyokuja nayo kutoka Ghuba, si kwa kukisia kama wanavyofanya hapa, mtu akining'inia kwenye bomba mpaka asikie mgongo umelia.

Na bado, kila baada ya miezi mitatu hivi, bushi zilikatika. Nilihitimisha kwamba wauzaji wa Nairobi wananiuzia bandia. Nililisema nyumbani, kanisani, kila mahali.

Jumanne hiyo jioni mama alipiga simu mwenyewe, bila kuniuliza. Alikuwa amekaa kwangu miezi mitano. Daktari alikuwa ameshamruhusu kurudi nyumbani magharibi, mradi asipande basi na asitikiswe sana, na mvua za kupandia mahindi zilikuwa zimeanza kule. Nilikuwa nimemwahidi kumpeleka Jumamosi. Nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia dada yangu, "Mwambie mzee wako anichukue Jumamosi. Ndiyo. Mimi na yeye. Najua."

Asiyetoka kwetu huenda asione uzito wa maneno hayo. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Mama hajawahi kukaa chumba kimoja na mume wa dada yangu kwa zaidi ya dakika kumi. Sasa alikuwa tayari kukaa naye siku nzima katika gari dogo la kubebea mboga, eti kwa sababu la mtoto wake wa kwanza, mwenye diploma, limemshinda.

"Mama, watu watasema nini?" nikamuuliza.

"Watasema nimefika," akanijibu.

Jumatano nilikwenda Makadara kwa mwanamke aliyeniuzia ile seti ya tatu. Ana duka la vipuri ambalo amelirithi kwa baba yake, na hufunga nusu saa kwa ajili ya sala ya adhuhuri; nilimkuta ndiyo kwanza anafungua. Nikaziweka zile bushi zilizokatika mezani.

"Hizi ni takataka," nikasema.

Akazigeuza kwa kidole. "Kabla yangu ulinunua wapi?"

Nikamtajia maduka mawili.

"Zikakatika vilevile?"

"Vilevile."

"Basi sisi watu watatu, hatujuani, tumekaa kikao tukapanga kukuibia wewe tu." Akachukua boksi kwenye rafu. "Teksi za huku zinafunga hizi. Magari ya shule yanafunga hizi. Hakuna anayerudi kunitukana ila wewe, kaka yangu. Unazitaka ama huzitaki?"

Nilizitaka, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa nazo siku hiyo. Nilizichukua bila kuaga, jambo ambalo si malezi yangu.

Kisha nikapata kwamba fundi wangu wa mashine amesafiri kwenda mazishini. Jumamosi ilikuwa inakuja. Alhamisi asubuhi sikuwa na budi kwenda Baba Dogo, kwa mtu niliyekuwa nikimkwepa tangu nirudi. Tulisoma shule moja ya msingi. Mimi niliendelea, yeye aliacha darasa la saba. Ana uwanja wa mabati nyuma ya viwanda, mashine ya kusukumia, na shimo la saruji ambalo gari hupita juu yake naye akasimama chini.

"Injinia wa Ghuba!" akapaza sauti nikiwa bado langoni. "Niaje? Umepotea njia ama umeniletea hiyo mlima niipige rangi?"

"Nimekuja unisukumie bushi. Kufunga nitafunga mwenyewe."

"Wacha wee. Kwani mimi nina mikono ya kushikia chai pekee?"

Hata hivyo alinisaidia kuutoa mkono wa chini. Aliishika bushi ya zamani, akaigeuza kwenye mwanga. Mpira ulikuwa umechanika kwa mshazari, kama nguo iliyosokotwa na kuvutwa.

"Hii ulifunga wewe?"

"Mimi."

"Ukikaza nati ya mwisho, gari ilikuwa wapi?"

"Kwa mawe. Ingekuwa wapi?"

"Tairi zikining'inia?"

"Ndiyo."

Akaketi juu ya ukingo wa shimo akacheka hadi akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. Nilingoja amalize.

"Sikiza, mkubwa. Mpira unashika vile umeukaza. Ukikaza tairi ikiwa imening'inia, mpira unajua hapo ndipo nyumbani. Halafu unashusha gari. Tairi inapanda juu, mpira unasokoteka, na unakaa hivyo, usiku na mchana, hata gari ikiwa imelala. Tuta likija, ni kumalizia tu. Nati za huku unazishikisha tu. Unashusha gari chini, unaitikisa, ikishakaa kwa miguu yake ndio unakaza."

"Nimefunga hizi mamia kwa mamia Ghuba," nikasema. "Hakuna hata moja iliyorudi."

"Na huko mlikuwa mnainua na nini? Jeki?"

Ghuba hatukuwa na jeki. Tulikuwa na jukwaa: gari huendeshwa hadi juu yake, matairi yakiwa yamekanyaga, kisha jukwaa zima huinuka. Unapofika kwenye nati ya mwisho, gari liko mita mbili hewani na bado limesimama kwa uzito wake wote. Kwa miaka tisa sikuwahi kufikiria jambo hilo kwa sababu jukwaa lilikuwa likifikiri badala yangu. Niliporudi nilileta spana, nikaleta vipimo vyote kichwani, nikaleta na ukali wa msimamizi. Jukwaa lilibaki kule.

"Basi," akasema yule bwana, sasa kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko. "Hiyo hata mimi nilivunja tatu kabla sijajua. Lakini zilikuwa za magari ya wateja."

Tulizifunga akiwa ndani ya shimo na mimi nikiwa juu nikilitikisa gari. Spana ilikuwa yangu, angalau. Aliipenda. Alinipa pia agizo la kubadilisha kichwa cha kiungo cha usukani upande uleule, kilichokuwa kimelegea kwa kubeba kazi ya bushi zilizokatika, nikakibadilisha siku hiyohiyo. Ijumaa nililipeleka kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu, na jamaa wa pale, ambaye mara mbili alikuwa amenirudisha akisema gari hili halishiki kipimo, akaniambia limeshika.

Nililiendesha Jogoo Road nikiachia usukani kidogo, likaenda mbele. Nikarudi mtaani nikapanda tuta lile la pili. Kimya. Nilirudi nyuma nikalipanda tena.

Jioni nikamwambia mama gari limepona.

"Umetia bushi mpya?"

"Mpya."

"Umenunua wapi?"

"Makadara."

"Kwa yule anayekuuzia bandia?"

Nikachukua funguo za gari mezani.

"Basi zitakatika tena," akasema, akiendelea kukunja leso zake. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akifuata maneno yangu mwenyewe, yale niliyoyatangaza mwaka mzima, na kulingana na maneno hayo alikuwa na haki kabisa. Ningeweza kumweleza pale pale. Badala yake nilienda kukagua upepo wa matairi, ambao nilikuwa nimekwisha kuukagua.

Usiku huo nilitoa daftari langu la chuo ili nione kama tulifundishwa. Nilifika sura ya mikono ya magurudumu nikalifunga. Sikutaka kujua.

Jumamosi asubuhi mkwe wetu alifika na gari lake dogo. Mama akaingia nyuma, nyuma kabisa ya kiti cha dereva ili wasionane, leso ikiwa imeshuka hadi kwenye nyusi. Mimi nikapewa godoro, mbegu, na kiti chake cha kuogea. Nikawafuata. Kila shimo na kila tuta niliona kichwa cha mama kikirushwa na mkono wake ukishika mlango, kisha mimi nikalipita shimo lilelile juu ya gari lililotulia kama kitanda, nimebeba godoro. Kwa masaa matatu nilitukana ndani ya gari, peke yangu, kwa lugha zote ninazozijua.

Tuliposimama kunywa chai baada ya Nakuru, mkwe alinijia mbio. Alikuwa amegeuza kioo cha katikati kikaelekea paa.

"Shemeji, nakuomba. Mchukue. Tangu Nairobi sijakohoa. Nikitaka kupiga chafya nafungua dirisha."

Nikaenda kwenye gari lake. Mama alikuwa amefumba macho, na alikuwa ameubana mdomo vile alivyoubana siku alipotoka hospitalini.

"Mama, hamia kwangu."

"Na bushi za bandia?"

"Si za bandia."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Zilikuwa nzuri, Mama. Zote. Nilikuwa nazifunga vibaya. Ni mimi niliyekuwa nikizikata."

Akafungua macho. "Wewe? Na ile karatasi ukutani?"

"Mimi, na karatasi."

Akatoa mguu nje, akangoja nimshike.

Hakutikiswa tena. Alilala kutoka hapo hadi tulipoacha lami, na hata kwenye njia ya udongo aliamka kwa hiari yake, si kwa shimo. Ilikuwa safari bora kuliko zote nilizowahi kumwendesha mtu, na nilitarajia niseme hivyo mwenyewe tukifika. Lakini majirani walikuwa wamejaa langoni kumpokea, na kabla hata sijazima injini mama alikuwa ameshusha kioo.

"Gari ni zima!" akawaambia kwa sauti ya kanisani. "Halina shida yoyote. Ni huyu aliyekuwa akilivunja, mwaka mzima, na akisingizia maduka!"

Wakacheka, wakanipa pole, wakamshusha. Nikabaki nikishusha godoro.