Samaki wa Mtoni na Kikao cha Jimbo

Kiangazi kile wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi sita, na karibu kila Jumamosi alikula samaki ambao kaka yangu aliwavua mtoni, hapa Buffalo, ugenini tulikohamia. Kaka alikuwa na leseni. Afisa wa samaki na wanyamapori alimkagua mara nyingi, akapima samaki kwa rula, akamrudishia leseni yake na kumtakia siku njema.

Siku moja niliwafuata wote wawili mtoni baada ya zamu yangu kwenye nyumba ya wazee. Nikasoma kibao kilichokuwa nyuma ya kiti cha wifi. Kwa Kiingereza tu: wajawazito na watoto wasile samaki wa hapa, wana sumu.

"Ile kibao inasema nini?" wifi aliuliza.

Nilipomwambia, aliweka mkono tumboni. "Bon, sawa. Na ule mwenye rula, yeye hajui kusoma?"

Swali lile lilinichoma. Niliposikia kwamba serikali ya jimbo inataka kubadilisha uendeshaji wa ofisi ya samaki na wanyamapori, na inakusanya maoni ya wananchi, niliomba ruhusa kazini nikaenda kwenye kikao. Saa nzima walibishana nani apewe viti vya bodi ya ofisi hiyo, wawindaji au wenye mashua. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mnajua kupima samaki, lakini anayemla hamumwoni. Waambieni maafisa wenu wafungue mdomo."

Mwenyekiti alitabasamu. "Mama, taarifa zote zipo kwenye tovuti."

"Wifi yangu hakulishwa sumu kwenye tovuti!"

Miezi miwili baadaye kikaja kipeperushi chao cha Kiswahili: "Wanawake wa umri wa kuzaa samaki wasile." Kana kwamba sisi tunazaa samaki! Hawakumwonyesha hata mtu mmoja anayezungumza lugha hii. Nilikisahihisha kwa kalamu nyekundu nikakipeleka ofisini kwao. Dada wa mapokezi akasema hakuna mwenye kazi ya kupokea masahihisho.

Mtoto alizaliwa, msichana. Madaktari bado wanampima damu. Watu wananiambia nimshukuru Mungu, na ninamshukuru. Lakini hasira haijanitoka. Jumamosi ninasimama mtoni na karatasi za onyo nilizoandika mwenyewe kwa Kiswahili, nikiwagawia wanaokuja na ndoo. Wengine hunikwepa wakidhani nawahubiria. Hao siwalaumu.