Bima ya Nyumba ya Bluff

Médiatrice alikuwa mshonaji wa magauni ya kwaya huko Cato Manor, na mumewe Léonce aliendesha lori la makontena bandarini. Mwaka 2013 walinunua nyumba ya pili, ndogo, kule Bluff kando ya bahari, ya kupumzikia wikendi. Walipopewa funguo tu, wakaanza kubishana juu ya bima.

“Tukate ya kuta na paa, basi,” alisema Léonce. “Ndani iko nini? Kitanda na sufuria.”

Médiatrice hakuridhika. Jumamosi moja alimwomba Atuganile, wakala wa bima kutoka Mbeya aliyesali nao kanisa moja, aje aione nyumba kwa macho yake. Mama Akimana, mama yake Léonce, naye akapanda gari, maana hakupenda kuachwa.

Walipofungua mlango wakakuta tumbili jikoni, juu ya meza. Mmoja alikuwa amejitanda pazia. Dirisha lilisahauliwa wazi. Mama Akimana akavua kiatu, akawafukuza mpaka uani, kisha akaketi kizingitini akicheka hadi machozi.

“Tumbili hatuwalipii,” alisema Atuganile, naye akijizuia kucheka. “Ila kuna jambo kubwa zaidi, dada. Nyumba hii inakaa tupu wiki nzima. Mwizi akiingia, au bomba likipasuka, bima hiyo ya bei ndogo haitawasaidia. Ya nyumba isiyo na mtu ipo, lakini ni ghali. Angekuwapo mtu anayeishi humu, mngepata bima kamili kwa bei nafuu.”

Léonce akamtazama mkewe.

“Mtu si iko hapa,” alisema Mama Akimana. “Cato Manor kelele mingi. Mimi nabaki.”

“Mama, hutaogopa peke yako?” aliuliza Médiatrice.

“Niogope nini? Si umeona nani amekimbia?”

Wakachukua bima kamili. Majira ya baridi yalipofika, tangi la maji moto likapasuka darini. Mama Akimana alikuwepo, akapiga simu mara moja, na fundi wa kampuni akaja siku hiyohiyo. Hakuruhusiwa kuondoka kabla ya kula maharage na ndizi.

Siku hizi Léonce na mkewe wakienda Bluff hubisha hodi kama wageni wengine. Hulala kwenye godoro sebuleni, kwa kuwa chumba chenye dirisha la baharini kina mwenyewe, na Médiatrice husema hajawahi kulala vizuri namna ile.