Kitalu Kando ya Bwawa

Pumba iliyotoka mashineni sasa hivi, ikiwa bado na joto, hunuka kama mkate ulioishia njiani. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu ya jioni nilipokuwa na miaka kumi, kwetu Songea, upande wa bondeni ambako mto Luhira hupita na mlima Matogoro huonekana ukiinua tu macho. Nikitoka shule nilikuwa natupa madaftari kitandani, nachota pumba kwenye debe kwa bakuli, nashuka nyuma ya nyumba hadi bwawani. Bwawa lenyewe nisilikuze, lilikuwa shimo. Baba yetu, ambaye kwa Kingoni tulimwita Dadi, alichimba udongo pale akafyatua tofali za nyumba yetu, vyumba viwili na sebule, na nyumba ilipokwisha shimo likabaki. Chemchemi ikalijaza yenyewe. Basi Dadi akapanda baiskeli hadi Maposeni kwa mtu aliyekuwa akifuga samaki, akarudi na galoni la plastiki limefungwa kwenye keria, na ndani yake vifaranga vya perege, kila kimoja hakizidi njiti ya kiberiti. Nilivihesabu hadi arobaini, nikachanganyikiwa kwa furaha, nikaanza upya, nikachanganyikiwa tena. Usiku huo niliwaota wakiwa wakubwa kama kondoo, wanatoka majini wenyewe na kunifuata hadi shuleni.

Miaka ile mambo yalikuwa yanafunguka. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yanaota kila kona, sabuni zimekuja za rangi zote, mitumba inamwagwa chini watu wanachagua wakicheka. Mashine za kusaga, ambazo zamani tuliijua moja tu ya ushirika, sasa zilikuwa zinanguruma mtaa hadi mtaa. Na wageni waliohamia kutoka mikoani, walimu na maofisa na wafanyabiashara, wakaanza kufuga kuku wa kisasa na nguruwe uani kwao. Sisi tulifurahi kuona mji unachangamka, mpaka siku tuliyogundua kwamba pumba nayo imepanda cheo. Mwenye mashine, ambaye mwaka jana tu alikuwa akitubembeleza tumfagilie pumba yake bure, sasa aliifunga kwenye viroba na kuikalia juu. Mbolea ya mahindi ndiyo usiseme. Ilikuwa ikija kwa bei ya serikali, ikawa ya dukani, na nusu mfuko uliotubakia Mama aliuweka chini ya kitanda pamoja na vitenge vyake vya kanisani. Mtu ambaye hana mbolea ya mahindi hanunui pumba ya samaki. Perege wangu wakaanza kushindia maji matupu, na vichwa vyao vikawa vikubwa kuliko miili.

Jioni moja tukiwa tunakula, Dadi akasema kwa sauti ya chini, kama anayetaja mgonjwa, kwamba kiangazi kikifika atalikausha bwawa na kufyatua tofali za chumba cha tatu. Udongo wa pale aliujua, haupasuki. Chumba kilikuwa cha kaka yangu Otmari, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na kulala sebuleni huku miguu yake ikitokeza chini ya meza. Otmari alitabasamu hadi masikioni. Mimi nililia ndani ya bakuli la mboga. Dadi alikuwa fundi, mtu wa kubeba matofali kumi kwa mpigo, lakini machozi ya mtoto yalikuwa yanamshinda kabisa. Akanyoosha kiganja chake juu ya mkeka, akaweka kidole cha mkono mwingine kwenye kifundo cha mkono ule.

"Skola, sikiliza. Mahindi yakishavunwa nitatupa ndoano mara moja tu. Samaki akitoka hapa akafika hapa," akasogeza kidole hadi ncha ya kidole cha kati, "bwawa linabaki. Asipofika, tofali."

"Hao ni dagaa waliovaa magamba," Otmari akasema. "Dadi, anza kukata nyasi za kufunikia tofali."

Mkono wa Dadi ulikuwa mkubwa, nisikudanganye. Niliutazama ukinyanyua tonge, nikaona ni mrefu kama barabara ya kwenda Namtumbo.

Majani ya kuwalisha perege niliyapata kwa bahati. Nilikuwa nafua na Mama kwenye kona ya Luhira, mahali ambapo maji hayaendi popote, nikaona kijani kimetanda juu yake. Nilipochota kwa kiganja, ikawa ni vijani vidogo vya duara, vimeelea, kila kimoja kinatosha juu ya kucha, na chini yake kina mzizi mmoja kama uzi. Hakuna aliyekuwa na jina lake. Mama alisema ni uchafu wa maji. Nilijaza sufuria nikamwaga bwawani, na perege wakafanya kitu ambacho sijasahau. Walipanda juu wote, midomo wazi, wakayapokea yale majani kwa kelele ndogo za kubusu. Nilicheka peke yangu pale ukingoni hadi Mama akatoka kuangalia. Kesho yake asubuhi hapakuwa na jani hata moja. Nikaenda tena mtoni, wakala tena, wakamaliza, na safari ya tatu kona ya Luhira yenyewe ikawa nyeupe. Nilikuwa nimeikwangua yote, mtoni na bwawani hamna kitu.

Aliyeniokoa ni Shangazi Paskalia, dada yake Dadi, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo. Alikuja mjini kutibiwa mkono aliojikata kwa panga, akakaa kwetu wiki tatu, mkono umefungwa bandeji nyeupe na hawezi kushika jembe. Mtu asiyejua kukaa bure ukimfunga mkono, mdomo ndio unaofanya kazi. Alinikuta nimeinama bwawani na sufuria yenye vijani visivyozidi ishirini, nilivyoviokota kwenye matope kimoja kimoja.

"Unataka kuvitia humo?" akauliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Ili viliwe mbegu na mazao siku moja. Nani alikufundisha kulima? Sisi tumbaku hatuitupi shambani ikiwa mbegu. Tunaiotesha kwenye kitalu, tunaifunika nyasi isichomwe na jua, tunaiamsha asubuhi kwa maji. Shika jembe."

Nikashika. Yeye alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ananielekeza kwa ule mkono wenye bandeji kama mwongoza kwaya. Nikachimba kishimo kando ya bwawa, urefu wa kitanda na kina cha goti, nikakikandika mfinyanzi, nikakijaza maji kwa ndoo, nikasimamisha vijiti na kutandaza nyasi juu, uzito uleule wa kitalu cha tumbaku, jua lipite kwa matone. Tukatia vile vijani ishirini. Siku ya kwanza vilikaa tu. Siku ya nne vikawa vimeshikana mikono. Wiki ya pili maji hayakuonekana. Shangazi akanipa sheria moja tu, nusu kwa samaki, nusu ibaki izae, na kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa naingiza chujio la chai, nachota upande mmoja, naacha mwingine. Mama alitafuta chujio lake juma zima. Na perege wangu wakaanza kunona. Migongo ikawa myeusi, matumbo yakajaa, ukipita kivuli chako kinawashtua na bwawa zima linaruka. Nilitembea mtaani kama mwenye ng'ombe.

Shangazi alipoondoka, busara iliondoka naye kwenye lile basi. Nikaanza kupiga hesabu za ndoto. Kama kishimo kidogo kinalisha hivi, je, bwawa zima likiwa kitalu? Jirani yetu mmoja, Mwalimu aliyehamishiwa Songea kutoka kanda ya ziwa, alipita siku moja nikamwamkia shikamoo, naye akasimama kutazama kazi yangu.

"Marahaba. Majani yanayoelea usiyachekee, binti," akaniambia. "Kwetu yalikuja mengine yenye maua ya zambarau, tukayasifu. Sasa kuna siku mitumbwi haitoki."

Nilimwitikia kwa heshima zote na sikumsikiliza hata kidogo. Jumapili hiyo wenzangu walipokwenda kanisani nilisema tumbo linauma. Niliingia chini ya kitanda cha Mama na kikombe, nikachota mbolea, nikaimwaga bwawani. Halafu nikarudi na kikombe cha pili. Nikahamisha kitalu chote humo, nusu ya samaki na nusu ya mbegu pamoja.

Majani yale hayakuota, yalilipuka. Kabla mwezi haujaisha bwawa lilikuwa limekwisha kabisa usoni mwa dunia, na mahali pake pana uwanja wa kijani laini usio na hata doa. Nilikuwa nakaa nautazama kwa fahari. Mbuzi jike wa Mwalimu naye aliutazama, akakata kamba, akaona hayo ndiyo malisho bora kuliko yote aliyowahi kupewa hapa duniani, akaingia kwa mwendo wa kawaida na kuzama hadi pembe. Mwalimu alikuja mbio na kandambili moja. Alipomtoa, mbuzi alikuwa kijani kuanzia masikio hadi mkia.

"Mwalimu, huyu ameshapata sweta," Otmari akasema. "Baridi ya Juni ije tu."

"Mimi nilisema mitumbwi haitatoka," Mwalimu akajibu akifuta miwani. "Sikujua kama mbuzi wataingia."

Tulicheka hadi tukakaa chini. Lakini kwenye lile tundu alilolitoboa mbuzi niliona midomo. Perege walikuwa wamejazana pale, wamebanana, wanafungua na kufunga midomo juu ya maji, wala majani hawakuyagusa. Dadi akachuchumaa, akatia mkono, akanusa. "Wamezibiwa dirisha," akasema. "Wanakosa hewa." Kicheko kikanikauka. Nikamwendea Mama, nikamwambia mbolea nimechukua mimi.

"Najua," Mama akasema. "Panya wa humu ndani hawachoti kwa kikombe."

Hakunipiga. Alinipa ungo. Aliingia yeye mwenyewe na chandarua chakavu, Dadi akashika tenga, Mwalimu akavua koti, na wa mwisho kuingia, maji yakiwa kiunoni na meno yakigongana, alikuwa Otmari. Nilishangaa, nikamwuliza mbona ananisaidia wakati samaki wakifa anapata chumba.

"Nikikushinda nikushinde kwa kipimo," akasema, "si kwa msiba. Sogea huko, unanimwagia matope."

Tulikokota majani siku nzima. Mama aliyatandaza kwenye matuta yake ya maboga, na mwaka ule majani ya maboga yalikuwa mapana kama miavuli. Samaki saba walikufa. Niliwazika chini ya mgomba, na Mama akajifanya hanioni. Nikakijaza kishimo upya, nikaanza na vijani vichache, nusu kwa samaki na nusu ibaki, na safari hii sikuiongeza wala kuipunguza sheria ya Shangazi hata kwa chujio moja.

Mahindi yakavunwa. Ikafika ile Jumamosi, ukungu umeshuka hadi kwenye paa, nyasi zina umande wa kuuma vidole. Dadi alichomeka tonge la ugali kwenye ndoano akatupa, kama alivyoahidi, mara moja tu. Otmari alisimama ng'ambo ya bwawa na fimbo ya kupimia chumba. Mimi nilichuchumaa ubavuni mwa Dadi, nimeshika suruali yake. Uzi ukavutika, maji yakapasuka, akatoka perege mnene, mweusi mgongoni, mwekundu kidogo kwenye mapezi, mzuri jamani. Dadi akamlaza kwenye kiganja, kichwa kwenye kifundo cha mkono. Mkia ukanyooka kuelekea vidoleni. Niliona mwenyewe, kwa karibu, kwamba haukufika. Ulibakisha pingili nzima ya kidole cha kati, na labda kidogo zaidi.

Dadi hakunitazama. Taratibu, kama mtu anayeona baridi mikononi, akakunja ncha za vidole vyake hadi zikagusa mkia.

"Amefika," akasema.

"Ngoja nione," Otmari akaja mbio akizunguka ukingo.

Samaki alikuwa ameshateleza majini.

"Umechelewa, mwanangu," Dadi akamwambia. "Ameenda kuwaambia wenzake."

Kiangazi kile Dadi alichimba udongo wa tofali huko chini kabisa, karibu na mto, akazipandisha mlimani kwa bega, siku baada ya siku, na nyingi zilipasuka kwa sababu udongo wa kule haukuwa mzuri. Chumba cha Otmari kilichelewa mwaka mmoja. Miguu yake iliendelea kutokeza chini ya meza, na kila nikipita nilikuwa naifunika blanketi.

Leo bwawa halipo. Chemchemi imeingizwa kwenye mabomba na pale nyuma pana nyumba ya mpangaji yenye vigae vya rangi. Songea imekuwa mji mkubwa, samaki wanafika kwenye maboksi wakiwa wamegandishwa, na wanaofuga hununua chakula cha punje kwenye mifuko iliyoandikwa vizuri. Samaki hao ni wakubwa kuliko wangu, sitabisha, na mizani ya sokoni inawapima kwa namba nyekundu zisizomwonea mtu huruma. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu, na bado naota mambo mengi kuliko urefu wa mchana. Juzi nilimpelekea Dadi perege wa sokoni, nikajipa moyo nikamwuliza kitu nilichokaa nacho miaka yote hii, kama anakumbuka alivyokunja vidole siku ile. Alicheka bila sauti, mabega yanacheza. Kisha akanyanyua mkono wake kwenye mwanga wa dirisha ili niuone vizuri. Umri na tofali zimemkunja vidole vyote, havinyooki tena hata akijitahidi.

"Ungefuga sasa, mwanangu," akasema. "Siku hizi hata dagaa anafika."