Salamu Nikiwa Juu

Mimi ni mwoga, na nilikuwa nalijua hilo kabla hata sijaanza kusimamishwa juu ya mapaja ya watu. Naogopa ngazi. Naogopa mbwa hata akiwa amefungwa. Mtu wa namna hiyo, eti ndiye aliyechaguliwa kuwa wa juu, yule anayenyanyuliwa na wenzake, kwa sababu tu alikuwa mwembamba kuliko wenzake. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa upande wa Mkuyuni, na mwalimu wetu wa michezo, dada mmoja mgeni kutoka Dar, alikuwa ameamua kwamba timu yetu ya netiboli haiwezi kuendelea kushangiliwa na watoto wanaopiga madebe. Angetufundisha kushangilia kwa kucheza, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa chuoni.

Uwanja wa shule ulikuwa mawe matupu, kwa hiyo Jumamosi tulishuka ziwani, kwenye mchanga wanakoanika dagaa. Tulianza na mikono. Juu kama herufi V, pembeni kama T, ngumi imefungwa, kiwiko kimenyooka. Ukikikunja kidogo tu, mwalimu anakuja kukinyoosha mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vigumu. Kwetu kucheza ni mabega na kiuno, na miguu inakanyaga ardhi kwa uzito. Hapa tuliambiwa tukauke na tutabasamu. Wenzangu waliteseka. Mimi sikuona shida, maana woga ulikuwa umenikausha tangu nitoke nyumbani. Mkononi tulishika maua ya nyuzi tulizochambua kutoka kwenye viroba vya unga, na kila ukiyatikisa yanakuwasha.

Halafu tukaanza kunyanyuana. Wasichana wawili wanachuchumaa nusu, kila mmoja anatoa paja moja. Unakanyaga la kwanza, unakanyaga la pili, wanakukumbatia miguu, unasimama na mikono yako juu. Ukitazama kwa nje si kitu, hata kimo cha mlango hufiki. Waliosimama chini ndio wanaosema hivyo. Mimi nikiwa kule masikio yalikuwa yanaziba nisisikie hata hesabu ya mwalimu.

"Wa juu haangalii chini," alikuwa akituambia. "Wa chini hawatikisiki, hata nyuki awaume."

Nyuki hakuja. Alikuja bibi mmoja na beseni la dagaa kichwani.

Kwetu msichana hamwamkii mkubwa akiwa amesimama wima kama mlingoti. Neno likitoka, goti linashuka, na hakuna anayelifikiria goti lile, kama usivyofikiria kupepesa macho. Bibi alipofika mbele yetu, wale wawili walionibeba walisema, "Shikamoo bibi," wakashuka. Kwa adabu kabisa, na kwa pamoja, vizuri kuliko walivyowahi kufuata hesabu ya mwalimu. Nilienda mbele kifudifudi. Na mimi niliyekuwa hewani nilikuwa katikati ya neno hilohilo.

Kidevu kilifika kwanza. Nilitema mchanga, magamba ya samaki na damu, ulimi ukitafuta kama meno yapo yote. Yalikuwepo. Bibi alitua beseni lake.

"Marahaba, wajukuu zangu," alisema, kwa kuwa salamu lazima ijibiwe. "Sasa mbona mmemwangusha mwenzenu?"

Mwalimu akapiga marufuku kuamkia mtu yeyote wakati wa mazoezi. Ilishindikana. Akina mama wa dagaa wakaanza kusema watoto wa siku hizi hawana malezi, wenzangu wakaona aibu, wakawa wanaamkia kwa sauti ya chini, huku magoti yakicheza. Kuanzia hapo nilikuwa nikiona kitenge kwa mbali tu naanza kutafuta pa kuangukia. Sikuogopa tena kimo. Niliogopa wazee.

Sikuacha, na sababu ilikuwa mama. Alikuwa akiuza nyanya sokoni, hodari wa maneno, na mgeni yeyote akija nyumbani lazima amwambie, "Huyu wangu mwoga sana, hata kuku anamshinda." Wageni wanacheka, mimi natafuta pa kuficha uso. Nilitaka aje anione nimesimama juu, mara moja tu, ili sentensi ile imfie mdomoni. Nilimwambia siku ya mechi tutacheza, aje. Habari za kunyanyuliwa sikumgusia.

Siku yenyewe ilipofika, mapumziko ya mechi, tuliingia uwanja wa netiboli uliochorwa kwa chokaa. Mama hakuwepo. Nilimtafuta nikipiga V, nikamtafuta nikipiga T, na nafasi ya kunyanyuana ikafika. Nikakanyaga paja la kwanza, la pili, nikasimama. Midomo ilikuwa imekauka, lile tabasamu la lazima likanasa kwenye meno.

Ndipo alipotokea. Alikuwa amechelewa sokoni, aproni bado kiunoni, na kwa kuwa hakujua kwamba chokaa ile ni mpaka, aliukatisha uwanja moja kwa moja kutufuata sisi. Wale wawili walionibeba walikuwa watoto wa jirani. Wamekula kwetu tangu wadogo. Nilimwona anakuja, nikajua kitakachotokea, na sikuwa na la kufanya wala pa kushika. "Shika..." nilisikia chini yangu, na mapaja yakalegea chini ya raba zangu.

"Msinisalimie," mama alisema. Hakupaza sauti. "Mshikeni. Nawaombeni, mshikeni tu."

Mapaja yakakaza. Nikavunja amri ya mwalimu, nikaangalia chini. Mama alikuwa amesimama karibu kabisa, mikono yake yote miwili imenyooshwa kwangu kama ya mtu anayetaka kudaka, uso umempauka. Vidole vilikuwa vinatetemeka hata akashindwa kuvikunja.

Siku zote alikuwa akisema woga huu nimeutoa kwa baba.