Vernell na Kigae Kimoja

Vernell Stubbs alikuwa na mkono mwepesi wa kazi, uliza mtu yeyote pale mjini Titusville. Ile ndege ya anga za juu, ile inayopaa na watu na kurudi, tumbo lake lilivishwa vigae elfu ishirini na ushee vya kuzuia moto, kila kimoja na namba yake. Ikirudi, mafundi walikuwa wanalala chini yake wanaipapasa kigae kwa kigae, kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mwanawe. Kibovu kinang'olewa, kipya kinabandikwa. Wengine wakibandika viwili, Vernell keshamaliza vitatu.

Mwenzake kazini alikuwa Odell Tillis, njemba moja ndefu, masihara mengi. Vernell anabandika, Odell anakagua na kutia sahihi.

"Dada, gundi yako imelala. Iamshe tukale."

"Tulia wewe, mlafi. Masaa kumi na sita hayajafika."

Sheria ilikuwa hiyo, masaa kumi na sita ikauke, na fundi haachi kigae mpaka gundi ianze kushika. Lakini mafundi wote walijua ujanja wa kale: tema mate kwenye gundi, inashika chapchap. Ilishapigwa marufuku, ukikamatwa unafukuzwa, maana gundi ya mate inashika leo, ikikutana na moto wa kurudi inaachia.

Sasa, siku baba yake Vernell anatimiza miaka sabini, samaki wako kwenye mafuta, ukoo mzima umekaa unamsubiri yeye, na kigae kimoja kimebaki. Odell kaenda kuchukua fomu. Vernell akacheki kushoto, akacheki kulia. Akatema.

Kesho yake wakakivuta kwa mashine kukipima. Kimeshika. Odell akatia sahihi.

Ndege ikapaa, ikarudi, watu wote wazima, Mungu mkubwa. Lakini ile ndege ilikuwa ikirudi inarudi na madhambi yako yote tumboni. Pale pa kile kigae palikuwa na shimo jeusi, na gundi iliyobaki ina mapovu mapovu. Msimamizi akajua palepale ni mate.

"Nani katema hapa? Sahihi kwenye fomu ni ya Tillis tu."

Vernell akafungua mdomo. Mkavu! Siku ile mate yalikuwepo, leo hata tone la kulainisha jina lake mwenyewe halipo. Odell akamwangalia. Kisha akavua glavu polepole, akaweka kitambulisho cha kazi mezani, akaondoka zake.

Miaka ikaenda. Ndege zote zikastaafishwa, mji ukapooza. Vernell akaja kupata kazi kwenye vidonge, ndivyo walivyoviita wenyewe vile vyombo vipya vya anga vilivyokaa kama kikombe kilichopinduliwa. Chini kuna ngao ya kuzuia moto, inabandikwa vipande vipande. Inaenda safari moja, inaungua, inadondoka baharini, basi. Wataalamu wanakatakata vipande viwili vitatu wavitazame, iliyobaki takataka.

Siku moja gundi inachelewa kukauka, fundi mwenzake, dada mmoja anaitwa Kimbrell, akacheka.

"Shangazi, si uteme mate tu? Safari moja hii. Nani ataangalia?"

Utani tu. Vernell akaweka chini kisu cha gundi, akatoka bila kuaga, akaendesha gari mpaka kibanda cha chambo cha Odell kando ya Mto Indian. Miaka kumi na tano alikuwa akikipita akitazama upande wa pili.

Odell alikuwa anachota kamba wadogo kwa wavu. Kichwa cheupe kwa mvi.

"Kikombe kimoja au viwili?" akauliza, hajainua macho.

"Odell. Ni mimi niliyetema."

"Najua."

"Unajua nini? Umejua lini?"

"Siku ileile. Narudi na fomu nakukuta unafuta mdomo na mkono wa ovaroli. Fundi wa vigae anafuta kisu, hafuti mdomo."

"Na ukatia sahihi?"

"Mashine ilisema kimeshika. Nami nilitaka umuwahi mzee wako." Akamwaga kamba kwenye ndoo. "Hilo langu, nimelibeba. Lakini siku ya msimamizi nilikungoja. Nilivua glavu polepole, kidole kimoja kimoja. Nikasema atasema sasa. Atasema sasa."

Vernell alitaka kupiga kelele, hasira kwa nani hata hajui. "Nitakwenda ofisini. Nitaandika yote, jina lako lisafishwe."

"Ofisi gani? Ile ndege iko makumbusho, watoto wanapiga nayo picha. Nani atalala chini ya tumbo lake leo?"

Mvuvi mmoja akaja, akapewa chambo chake, akaenda. Vernell bado kasimama, mikono haina pa kwenda.

"Basi funga kibanda," akasema. "Twende tukale."

Odell akauzamisha wavu tena kwenye tangi.

"Nimeshakula, Vernell."

Miaka yote ile ya kazi alikuwa akimwita dada.