Pikipiki ya Mjomba Jafari

Ashiru wa Mkunya hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa mpuliza mikorosho: kuanzia Juni mpaka Agosti alibeba mashine mgongoni, akapuliza unga wa salfa, dawa ya ukungu, kwenye mashamba ya watu, akarudi nyumbani wa manjano kuanzia nyusi hadi kucha. Kitu kilichompa jina kijijini ni pikipiki kuukuu ya mjomba wake Jafari, iliyonunuliwa Ashiru akiwa darasa la tatu. Macho ya mzee yalipomshinda kuendesha, hakumpa Swalehe, mwanawe wa kumzaa. Alimpa Ashiru, mtoto wa dada yake. Kwa Wamakonde, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, hilo si geni, lakini Swalehe lilimkwama kooni.

Sasa pikipiki ikaanza kuumwa. Mwanzoni ilikohoa kidogo kwenye kilima, Ashiru akajifanya hasikii. Wiki ya tatu, kila akivuta mafuta injini inakosakosa, inatetemeka, inatapika moshi mweusi, na siku moja ikambidi ashuke aisukume. Mficha maradhi kifo humuumbua. Swalehe alimwona akisukuma, na kabla ya adhuhuri ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba Ashiru ameiua pikipiki ya mzee. Kikao kikaitishwa Jumapili. Kama kweli imemfia mikononi, alisema Swalehe, basi mabaki yarudi kwa mwenye baba yake.

Kijiweni Newala, madereva wa bodaboda wote wakageuka madaktari. Huyu akasema pistoni, yule ringi, na mwingine, bila hata kuinuka kwenye kiti, akaagiza injini yote ifunguliwe. Binadamu ana raha ya ajabu kukihukumu kitu kisicho chake. Ashiru aliwasikiliza kwa uchungu. Hakuwa akililia chuma. Mzee Jafari ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo, na wazo la kusimama mbele yake kama mtu aliyepewa akaharibu lilimnyima usingizi.

Ijumaa asubuhi akateremka nayo Masasi, mteremko ukimsaidia, mpaka kwa fundi Winfrida wa Mkomaindo, ambaye watu humwita Mama Gift.

“Shikamoo, Mama Gift.”

“Marahaba, baba. Mgonjwa ana nini?”

“Wanasema pistoni.”

“Hao wanaosema sijawauliza. Piga kiki.”

Injini ikawaka kwa taabu. Mama Gift akainama kuutazama moshi. “Ungekuwa wa buluu, hapo ndipo pistoni, ningekupa pole. Huu mweusi ni petroli nyingi, hewa haba.” Akaizima, akafungua plagi. Ilikuwa na masizi kama sufuria ya kuni. Akaifuta, akairudisha, kisha akafungua kifuniko cha chujio la hewa, akaingiza vidole, akavuta. Kikatoka kipande cha kanga kilichokunjwa mara tatu, kimegandamana kwa salfa na umande hadi kimekuwa kigumu kama muhogo uliokaushwa juani.

“Piga tena.”

Safari hii iliwaka kwa kiki moja. Mama Gift akavuta mafuta, injini ikapanda bila kukosa hata mara moja, na moshi ukakatika. Ashiru akakalia tairi bovu lililokuwa karibu.

“Nani aliyeziba hapa?” Mama Gift akauliza.

Angeweza kusema hajui. Pikipiki ya miaka mingi hivyo imepita mikono ya mafundi wengi, na nani angebisha?

“Mimi,” alisema. “Nilikuwa naikinga na salfa.”

“Umeikinga mpaka na hewa, baba!” Mama Gift akacheka hadi akashika kiuno. Ashiru naye akacheka, kisha machozi yakamtoka, na hakujali kuyaficha. Huku sponji la chujio likioshwa na kukaushwa, alishindwa kungoja Jumapili. Akampigia mjomba.

Simu ilipokewa na Swalehe, maana mzee haoni tena namba. Akaiweka sauti ya nje.

“Shikamoo, mjomba. Injini ni nzima. Ni mimi niliyeiziba pumzi kwa kitambaa, nikiogopa salfa isiingie. Nisamehe.”

“Si nilisema!” Swalehe akadakia.

“Nyamaza,” mzee akasema. “Swalehe, ile baiskeli niliyokupa, iko wapi?”

“Baba, hayo ni ya zamani,” Swalehe akasema.

“Haya. Na cherehani ya mama yako?”

“Hiyo nayo...” Swalehe akaanza.

“Ashiru,” mzee akaendelea, “mwenzio chochote nikimpa kinapotea. Wewe umeitunza pikipiki mpaka ukainyima pumzi. Punguza kuitunza, mjomba wangu, lakini usimwachie mtu. Jumapili hakuna kikao. Njoo unibebe, nataka kufika shambani kwangu.”

“Ndiyo, mjomba,” Ashiru alisema, akaenda kulitazama sponji kama limekauka.