Walidhani Tuko Houston

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilianza kwa uongo mdogo nilioutoa huku nikitabasamu. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 2018. Kiumri nilikuwa mtu mzima, lakini hapa Marekani nilikuwa na miaka mitatu tu, na ugenini ujana wa mtu huanza upya, pamoja na ujinga wake.

Tuliishi katika mji wa Cedar Hill, mimi na mke wangu Zuhura, na mama yake, Bi Rukia, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Nikakodi kampa, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, ili twende kwenye nyika za magharibi ya Texas, kule karibu na mpaka wa Meksiko, ambako mtu huendesha saa nzima asione nyumba. Nilitaka mama mkwe aione nchi.

Unajua tulivyolelewa: safari haitangazwi. Ukiisema, jicho la mtu litakutangulia. Mimi niliamini hivyo kuliko wengi, maana mwaka uliotangulia nilionyesha watu gari jipya, na wiki haikuisha nikaligonga. Basi safari hii nikawaambia wote kwamba tunakwenda Houston, mtaa wa Sharpstown, kwa binamu yangu Shabani. Naye Shabani nikamfunza: yeyote akikupigia, sema tupo kwako, tumepumzika. Hata yeye sikumwambia tunakokwenda. Akacheka, akasema, "Kaka, mimi kaburi." Nikamsifu.

Siku ya tatu niliacha lami. Kwenye ramani niliona njia ya vumbi inayokatiza korongo kavu, nikadhani itatufikisha mapema kwenye kambi tuliyopanga kulala. Kwenda mbio si kufika. Katikati ya korongo magurudumu ya nyuma yalizama mchangani, na kila nilipokanyaga mafuta gari lilizidi kukaa, kama kuku anayeatamia. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Simu zetu zote hazikuwa na mtandao.

Nilichimba kwa sufuria. Zuhura akatandika mazulia ya gari chini ya magurudumu. Halikutoka. Jua la kule, mwanangu, halichomi tu, linakunyonya. Nilipofungua bomba la jikoni, maji yalitoka yakikohoa. Asubuhi tulikuwa tumeoga kana kwamba tuko nyumbani. Zilibaki chupa sita za kunywa, na kwenye tangi kiasi kisichojaza ndoo. Bi Rukia, mwenye presha na miaka yake sabini, alikuwa amelala akipumua kwa mdomo.

Hapo Zuhura akaniuliza taratibu, "Idi, nani anajua tuko huku?"

Nikawahesabu kichwani. Kazini walijua Houston. Msikitini walijua Houston. Na atakayeingiwa na wasiwasi atampigia Shabani, na Shabani, kwa uaminifu wake, atasema tupo, tumelala. Mlango niliufunga kwa mkono wangu, kisha nikaweka na mlinzi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ni mara ngapi nilikuwa nimewaambia wengine maneno hayo?

Jua likazama, likachomoza, hakuna gari lililopita. Asubuhi Bi Rukia alianza kuchanganya majina, akaniita kwa jina la marehemu mumewe. Zuhura alikuwa akimlowesha midomo kwa kitambaa. Nikachukua chupa moja, nikafunga viatu, nikasema nakwenda kwa miguu hadi kwenye lami. Kwa gari tulikuwa tumetumia nusu saa. Nilikuwa nimeshashika mlango.

Bi Rukia akafumbua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kaa chini, mkwe wangu. Yupo anayejua."

Alikuwa amemwambia Mama Furaha, jirani yetu, Mkongo kutoka Uvira, ambaye walishinda pamoja mchana wakichambua mboga. Alimwachia nakala ya ramani yangu, na akaahidi kumpigia kila siku baada ya alasiri. Siku mbili za kwanza alimpigia kweli, mimi nikidhani anazungumza na ndugu wa Tanga.

Sikujua nifurahi au niogope zaidi. Je, kama Mama Furaha amempigia Shabani, akamwamini? Nikakaa. Tuligawana maji kwa kifuniko cha chupa.

Alasiri tuliona vumbi. Walikuja walinzi wawili wa hifadhi ya eneo lile, wakiwa na maji na nyaya za kuvutia gari. Bi Rukia alilazwa siku mbili, akapona, alhamdulillahi.

Baadaye Shabani mwenyewe alinisimulia. Mama Furaha alipoikosa simu ya Bi Rukia, alimpigia yeye kwanza, akidhani labda tumegeukia Houston, naye akasema tupo, tumelala. Mama Furaha akamwambia, "Basi amusha mama, nisikie sauti yake tu." Shabani akasema yuko bafuni. Akapiga tena, na asubuhi akapiga tena, mpaka Shabani akashindwa, akalia, akakiri kwamba hatupo kwake. Ndipo yule mama akawapigia polisi, ramani ikiwa mkononi.

Niliporudi nilikwenda kumshukuru. Alikuwa akikunja nguo za watoto, hakuinua hata sauti.

"Idi, kule kwetu wakati wa vita tulikimbia kwa kujificha. Tulificha watu wote safari yetu. Lakini kila mtu aliachia mtu moja njia yake. Wale wenye hawakuacha, mpaka leo hatujue pa kuwalilia."

Akaendelea kukunja.

Mwanangu, sikuambii utangaze safari zako. Jicho la watu lipo, nami bado naliogopa. Ila chagua mmoja asiyekuonea kijicho, umwachie njia yako na saa utakayompigia, na umwambie la kufanya usipopiga. Usimfunze mtu kukudanganyia, hata kwa utani, maana siku utakapomhitaji aseme kweli hutakuwepo kumruhusu. Na jaza maji kabla hujajaza mafuta. Siku hizi siwashi gari kabla Mama Furaha hajajua.

Basi nenda, nchi hii ni kubwa na inapendeza, usikae ndani kwa ajili ya hofu yangu. Mungu akutangulie njiani, asikukaushie maji, na popote utakapokuwa awepo mtu atakayegundua kwamba umechelewa.